Mwigizaji na Sauti za Walionyamaza: Amandina Lihamba na Jukwaa la Tanzania

Utangulizi

Wahenga wetu walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtu asimdharau mnyamavu. Lakini ina maana nyingine, ambayo sisi wakazi wa Mkoa wa Katavi tunapaswa kuifikiri kwa makini: panapo kimya kirefu mno, pana jambo lililofichwa, nalo halifi kwa kufichwa.

Tutoe mfano mmoja. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi uliofanywa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika mkoa wetu, kati ya kila wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, wasichana 45 walikuwa wamekwisha zaa au walikuwa waja wazito. Kwa nchi nzima hesabu hiyo ilikuwa 27. Mkoa wetu ndio ulioongoza kwa wingi huo, na uongozi wa namna hiyo hauna fahari. Mwalimu anayesimama mbele ya darasa mjini Mpanda, Inyonga au Karema hakuhitaji kusoma hesabu hiyo kitabuni, kwani aliiona katika viti vilivyobaki vitupu baada ya likizo. Lakini alipouliza sababu, mara nyingi alijibiwa kwa kimya. Msichana alinyamaza, wazazi walinyamaza, na mwanamume mhusika alinyamaza kuliko wote.

Msomaji atauliza: mambo haya yanahusianaje na maisha ya mwigizaji wa jukwaani na wa filamu? Katika insha hii tutajaribu kuonyesha kwamba yanahusiana sana. Tutaeleza habari za Amandina Lihamba, mwigizaji, mwandishi wa tamthilia na mwalimu wa sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yeye si mzaliwa wa Katavi. Lakini kazi aliyoifanya katika maisha yake inagusa kwa karibu maradhi yetu haya ya kunyamaza, na kwa sababu hiyo tunaona inafaa ijulikane na walimu na wanafunzi wa huku magharibi.

Jukwaa kabla ya jukwaa

Ni kosa kudhani kwamba sanaa ya kuigiza ililetwa na wageni. Kabla ya shule na kabla ya reli kufika Mpanda mwaka 1950, watu wa huku, yaani Wabende, Wapimbwe, Wakonongo, Watongwe na wengineo, walikuwa na maonyesho yao katika ngoma, katika matambiko na katika utambaji wa hadithi. Bibi aliyekaa na wajukuu jioni, akabadili sauti awe fisi, kisha sungura, kisha mfalme, alikuwa mwigizaji kamili. Alijua wakati wa kupaza sauti, na alijua wakati wa kunyamaza kidogo ili mtoto asogee karibu. Hakuwa na pazia wala taa, bali alikuwa na moto na hadhira iliyomwitikia.

Tukiyafikiri mambo hayo tutaona jambo la maana. Katika jukwaa hilo la asili mwanamke hakuwa mgeni. Yeye ndiye aliyekuwa mtambaji nyumbani, naye ndiye aliyeongoza nyimbo za unyago, za harusi na za msiba. Mwanamke alianza kufanywa mgeni pale sanaa ilipohamishwa ikapelekwa katika kumbi na kutozwa kiingilio.

Katika miaka ya ukoloni Wazungu walijijengea kumbi zao ndogo za michezo ya kuigiza, wakaonyeshana michezo ya kwao. Shuleni wanafunzi wetu walifundishwa kuigiza Shakespeare. Nazo filamu zilitengenezwa chache. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 kijana Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa nchi yetu, aliigiza katika filamu ya Kiswahili iliyoitwa Muhogo Mchungu. Hakuna aliyemdharau Kawawa kwa kuwa alipata kuigiza. Lakini mwanamke aliyesimama mbele ya watu akaimba au kuigiza kwa malipo alitajwa kwa jina baya. Hata Siti binti Saad wa Unguja, ambaye mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi sauti yake katika santuri na sifa zake zikaenea pwani yote, hakusalimika na masimango ya waliomwonea choyo.

Basi binti yeyote wa Tanganyika aliyeazimia kuwa mwigizaji katika kizazi kilichofuata alikuwa na milima miwili ya kupanda. Wa kwanza ulikuwa kuifahamu sanaa yenyewe. Wa pili ulikuwa kuithibitishia jamii kwamba kazi hiyo ni kazi ya heshima.

Kutoka Morogoro hadi Chuo Kikuu

Amandina Lihamba alizaliwa Morogoro mwaka 1944. Nchi ilipopata Uhuru mwezi Desemba mwaka 1961 alikuwa kijana wa miaka kama 17, umri ule ule wa wanafunzi wengi watakaoisoma insha hii. Kizazi chake kiliingia utu uzima wakati taifa lenyewe linajiuliza: sisi ni nani? Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akieleza kwamba taifa lisilokuwa na utamaduni wake ni mkusanyiko tu wa watu wasio na roho ya pamoja. Yeye mwenyewe alikwisha onyesha njia kwa kuitafsiri tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, iliyotoka mwaka 1963, ili kudhihirisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba mzigo wowote.

Mwaka 1967 ulikuja na Azimio la Arusha, na mwaka huo huo mafunzo ya sanaa za maonyesho yalianzishwa katika Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Miaka miwili baadaye, yaani mwaka 1969, Ebrahim Hussein alitoa tamthilia yake Kinjeketile, iliyosimulia habari za Vita vya Maji Maji. Mtaani na vijijini nako Mathias Mnyampala alikuwa ameeneza ngonjera, na sisi tuliosoma shule ya msingi katika miaka ya 1970 na ya 1980 tunakumbuka tulivyopangwa mistari miwili, mmoja ukijua na mwingine haujui, tukajibizana kwa vina mbele ya wageni wa serikali.

Katika mazingira hayo ndipo Lihamba alipokulia kisanaa, naye akawa mwigizaji, mwelekezaji, mtunzi na mwalimu kwa wakati mmoja. Jambo hili linahitaji kuelezwa. Katika nchi zilizo na majumba makubwa ya maonyesho, mwigizaji anaweza kuishi kwa kuigiza tu. Kwetu haikuwa hivyo. Aliyetaka kuigiza tamthilia ya Kiswahili mara nyingi ilimpasa kwanza aitunge, kisha awafundishe watakaoigiza naye, kisha aitafutie mahali pa kuonyeshwa, na mwisho aieleze kwa wakubwa waliouliza ina faida gani kwa taifa.

Hakuwa peke yake. Walikuwapo Penina Muhando, ambaye pia hujulikana kwa jina la Penina Mlama, aliyezaliwa mwaka 1948 huko huko Mkoa wa Morogoro, na Ndyanao Balisidya, mtunzi wa riwaya ya Shida. Wanawake hawa watatu waliandika kwa pamoja tamthilia iitwayo Harakati za Ukombozi, iliyochapishwa mwaka 1982. Tamthilia hiyo inaipitia historia ya mapambano ya nchi yetu kwa njia ya ngoma, nyimbo, masimulizi na mazungumzo. Twaomba msomaji aupime uzito wa jambo hilo. Mpaka wakati huo historia ya ukombozi wa taifa ilizoeleka kuandikwa na wanaume na kusimuliwa na wanaume. Hapa wanawake watatu waliketi meza moja, wakashika kalamu moja, wakasimulia wenyewe, wala hawakuogopa kuuliza kama ukombozi ule umekwisha kamilika.

Lihamba alikuwa pia na kipaji cha kuchukua kitu cha mbali akakileta karibu. Tamthilia yake Hawala ya Fedha, ya mwaka 1980, inatokana na hadithi ya Sembène Ousmane wa Senegal. Katika hadithi hiyo mzee mmoja maskini anapelekewa hawala ya fedha na mpwa wake aliyeko Paris, lakini hawezi kuzipata kwa sababu hana karatasi zinazotakiwa ofisini. Kila dirisha linampeleka dirisha jingine, na kila anayejidai kumsaidia anamla. Sisi tulio watumishi wa serikali tukisoma habari hizo huinamisha macho, maana tunalijua dirisha hilo, na wengine wetu tumekaa upande wa ndani wake.

Mwaka 1985 Lihamba alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza. Utafiti wake ulihusu siasa na sanaa za maonyesho katika Tanzania tangu Azimio la Arusha hadi mwaka 1984. Yaani aliyekuwa jukwaani alirudi nyuma hatua chache akalitazama jukwaa lenyewe, akauliza: nani analitumia, kwa ajili ya nani? Baadaye, mwaka 1992, ilitoka tamthilia yake nyingine, Mkutano wa Pili wa Ndege.

Kutoka ukumbini hadi kijijini

Swali hilo la nani analitumia jukwaa ndilo lililoibadili kazi yake. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 wasanii wengi wa Chuo Kikuu waliona kasoro moja. Walitunga michezo juu ya wakulima, lakini wakulima hawakuiona. Na pale wakulima walipohusishwa, walipewa wimbo uliokwisha tungwa wauimbe, au ngonjera iliyokwisha andikwa waikariri. Mwananchi akawa kasuku wa maneno ya mwingine, ingawa maneno yenyewe yalikuwa mazuri.

Kasoro hii haikuwa ya Tanzania peke yake. Huko Brazili Paulo Freire alikuwa amefundisha kwamba mtu mzima hafunzwi kwa kumiminiwa maarifa kama maji katika mtungi, na Augusto Boal akaipeleka fikra hiyo jukwaani. Jirani zetu wa Kenya walijaribu huko Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977, ambako Ngũgĩ wa Thiong'o na wanakijiji walitunga na kuigiza kwa lugha yao. Serikali ya huko iliupiga marufuku mchezo huo, na Ngũgĩ akawekwa kizuizini. Kwa hiyo wasanii walijua kwamba mwananchi akipewa jukwaa huweza kusema jambo ambalo mkubwa hakutazamia kulisikia.

Katika mwaka 1982 na 1983 Lihamba, Penina Mlama na mwenzao Eberhard Chambulikazi walikwenda kufanya kazi na wanakijiji wa Malya, katika Wilaya ya Kwimba, Mkoa wa Mwanza. Njia waliyoifuata ina hatua ambazo inafaa tuzieleze moja moja, kwa kuwa mwalimu yeyote anaweza kuzifuata.

Hatua ya kwanza ni kutafiti. Wasanii hukaa na watu wa makamo yote, wanaume kwa wanawake, wakasikiliza. Hatua ya pili ni kuchambua: watu wenyewe hupanga matatizo yao, wakaeleza lipi ni chanzo na lipi ni matokeo. Hatua ya tatu ni kutunga, na hapa hutumiwa fani ambazo kijiji tayari kinazijua, yaani ngoma yao, majigambo yao na hadithi zao. Hatua ya nne ni kuonyesha hadharani. Hatua ya tano, ambayo ndiyo roho ya kazi yote, ni kujadili. Mchezo ukiisha watu hawatawanyiki. Huulizwa: je, ndivyo ilivyo? Tufanye nini? Nani afanye, na lini?

Msomaji ataona kwamba katika njia hii mwigizaji aliyesomea anapunguza nafasi yake mwenyewe. Hasimami katikati. Anakaa pembeni ili aliyezoea kukaa pembeni asimame katikati. Kwa mtu aliyeitafuta sanaa hii kwa shida, kisha akapata sifa ndani yake, hilo si jambo jepesi.

Mbele ya kamera

Hata hivyo Lihamba hakuacha kuigiza, na filamu ndizo zilizompeleka machoni pa walimwengu. Mwaka 1985 alionekana katika filamu Arusi ya Mariamu, iliyoelekezwa na Nangayoma Ng'oge akishirikiana na Ron Mulvihill wa Marekani. Ni habari ya mwanamke mgonjwa ambaye hospitali haikuweza kumponya, na mumewe akamtafutia mganga wa jadi.

Lakini filamu tunayotaka kuikalia kwa muda ni Maangamizi, iliyotoka mwaka 2001, ikiwa imeelekezwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill. Hiyo ndiyo filamu ya kwanza iliyopelekwa na Tanzania kushindania tuzo ya Oscar katika fungu la filamu za lugha za kigeni. Daktari Asira, mwanamke Mmarekani mweusi, anakuja Tanzania kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Anamkuta mwanamke aitwaye Samehe, ambaye kwa miaka 20 hajatamka neno. Tangu utotoni Samehe anabeba kumbukumbu ya kifo cha kikatili cha mama yake. Anayemjia na kumwongoza ni Maangamizi, mzimu wa bibi wa kale, aliyeigizwa na Mwanajuma Ali Hassan. Amandina Lihamba ndiye Samehe.

Twaomba wanafunzi wayatafakari majina hayo mawili. Samehe ni amri ya kusamehe, na Maangamizi ni uharibifu usiosaza kitu. Mtunzi amemfanya mzimu wa maangamizi kuwa mlezi wa mwenye jina la msamaha, kana kwamba anatuambia kwamba hakuna msamaha wa kweli mpaka uharibifu uliotendeka utazamwe usoni.

Sasa tufikiri juu ya kazi iliyomkabili mwigizaji. Jukwaani mwigizaji hutegemea sauti, kwa sababu mtazamaji wa safu ya mwisho hamwoni macho. Kamera hufanya kinyume chake: husogea mpaka mshipa wa shavu ukaonekana, na uwongo mdogo wa uso hauwezi kufichika. Mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kufundisha matumizi ya sauti alitakiwa aiweke sauti hiyo kando, aeleze miaka 20 ya maumivu kwa macho, kwa mabega na kwa namna ya kukaa. Kunyamaza kwa mwigizaji hakuwi kutupu. Ni lazima mtazamaji aone maneno yamejaa nyuma ya midomo, yakitafuta mlango.

Sisi watu wa Katavi tuna sababu zetu za kuielewa filamu hiyo. Wazee wa huku husimulia habari za Katabi, mzimu ambao mkoa wetu na mbuga yetu ya wanyama zimepata jina lake, na ambao wanasema makao yake ni mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi. Watu walikwenda chini ya mti huo kuweka sadaka na kusema haja zao. Hatuandiki haya ili kumvuta mtu katika imani fulani. Tunalosema ni kwamba jamii zetu zilijua kuwa mwenye mzigo moyoni ahitaji mahali pa kuutua kwa maneno. Ikiwa mti ule ulikuwa mahali pa namna hiyo, basi kukosekana kwake bila kuwekwa kingine ni hasara. Kadhalika tunajua uchungu wa akina mama vikongwe waliouawa katika mikoa ya magharibi kwa tuhuma za uchawi, na watoto walioona kisha wakaambiwa wasiseme. Samehe si mtu wa kubuni tu.

Tuseme

Miaka mitano kabla ya filamu hiyo kutoka, Lihamba na Penina Mlama walikuwa wamekwisha anza kazi ambayo kwa maoni yetu ndiyo kilele cha yote. Mwaka 1996 walianzisha katika shule za sekondari mpango ulioitwa Tuseme. Njia ni ile ile ya vijijini, lakini sasa waliokaa katikati walikuwa wasichana wa shule.

Wasichana walikutana katika warsha, wakayataja wenyewe mambo yanayowazuia kusoma. Hawakupewa orodha. Waliyoyataja yalijulikana na kila mtu, ila hayakusemwa: kutongozwa na watu wazima, wakiwamo waliopaswa kuwa walinzi wao, safari ndefu za kwenda shuleni na lifti zenye gharama iliyofichwa, vyoo visivyo na maji wala mlango wakati wa hedhi, kazi za nyumbani zinazomaliza saa za kusoma, na ile fikra kwamba msichana anayenyoosha mkono darasani hana adabu. Kutokana na hayo walitunga michezo, wakaionyesha mbele ya wenzao, walimu na wazazi, kisha wakajadiliana nao. Vikundi vya Tuseme vikaundwa shuleni ili kazi iendelee baada ya wageni kuondoka. Baadaye jumuiya ya wanawake waelimishaji wa Afrika, ijulikanayo kwa kifupi FAWE, iliuchukua mpango huo na kuupeleka katika nchi nyingine nyingi za bara letu, ukiwa bado na jina lake la Kiswahili.

Sisi tulio na mazoea ya kupima maneno kwa mizani hatuwezi kulipita jina hilo bila kulitazama. Halikuitwa Semeni, yaani wakubwa wawaamuru wadogo waseme. Wala halikuitwa Tuwasemee, yaani wenye elimu wazungumze kwa niaba ya wasio na elimu. Liliitwa Tuseme. Katika neno hilo moja anayeagiza yumo miongoni mwa wanaoagizwa. Mwalimu yumo, mwanafunzi yumo, mzazi yumo.

Somo kwa Katavi

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Katika miaka tuliyofanya kazi ya utamaduni tumeombwa mara nyingi kutunga mashairi na michezo ya sherehe, na mara nyingi mada imekuwa mimba za wanafunzi. Tumetunga. Tukiitazama leo michezo ile tunaona aibu. Ndani yake msichana alipenda chipsi na simu, akaonywa, akakataa, akapata mimba, akalia. Mgeni rasmi alipiga makofi. Mwanamume aliyempa mimba hakuwa na jina wala sura; mara nyingine hakuingia jukwaani kabisa. Tuliwapa wasichana maneno ya kujilaumu, wakayakariri kwa vina safi, nasi tukadhani tumewapa sauti.

Sheria ipo. Tangu mwaka 2016 anayempa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Lakini kesi haisimami bila shahidi, na shahidi wa kwanza ni msichana aliyefundishwa kunyamaza. Tangu mwezi Novemba mwaka 2021 serikali iliruhusu pia wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu ya uzazi warudi shuleni. Ruhusa hiyo ni jambo jema, ila msichana anayerudi hukutana na macho ya wenzake na minong'ono ya ukutani. Ruhusa humfungulia lango la shule, lakini haimfungulii mioyo ya wenzake. Kazi hiyo ya pili ni ya sanaa.

Kwa hiyo tunawashauri walimu wenzetu mambo machache. Mwalimu asianze na funzo, aanze na swali. Wasichana wapewe mahali pa kuzungumza peke yao kwanza, pamoja na mtu mzima wanayemwamini, kabla ya kitu chochote kuonyeshwa hadharani. Jambo la mtu mmoja lisionyeshwe kwa namna ya kumtambulisha, bali lichanganywe na ya wengine liwe hadithi ya wote. Wavulana waigize pia, na wapewe nafasi za wahusika wanaofanya kosa, ili wajione. Mchezo usiishie katika kilio, uishie katika swali linaloelekezwa kwa watazamaji. Na mwisho wa mjadala yaandikwe mambo yaliyokubaliwa: nani atatengeneza mlango wa choo, nani atazungumza na waendesha bodaboda, nani atamfuata mzazi aliyekwisha pokea mahari.

Hatusemi kwamba sanaa pekee itajenga bweni au kuchimba kisima. Hatusemi pia kwamba kazi hii ni rahisi. Mchezo wa kweli utamgusa mtu mwenye cheo, na mwalimu atakayeusimamia anaweza kuulizwa kwa nini anaiaibisha shule. Swali hilo atakutana nalo, na ni heri aliandalie jibu mapema: aibu ya shule ni jambo lililotendeka, na kusemwa kwake ndio mwanzo wa kuisafisha.

Hitimisho

Siku hizi kijana wa Mpanda akisikia neno mwigizaji huwaza watu wa televisheni na wa filamu za video, ambao picha zao zimebandikwa dukani na katika simu. Hatuwadharau wasanii hao, maana wameipeleka lugha yetu mbali na wamewapa vijana ajira. Lakini inafaa kijana huyo ajue kwamba ipo njia nyingine ya kuipima kazi ya mwigizaji. Baada ya kuhesabu ni watu wangapi waliomtazama, tuulize pia ni watu wangapi waliopata kusema kwa sababu yake.

Kwa kipimo hicho Amandina Lihamba ana nafasi ya pekee katika historia ya utamaduni wa taifa letu. Alipanda mlima wa kwanza akaijua sanaa. Akapanda wa pili, akaithibitishia jamii kwamba mwanamke anaweza kusimama mbele ya watu akaheshimiwa. Kisha akafanya jambo ambalo wengi waliofika kileleni hawalifanyi: akashuka kuwafuata waliobaki bondeni. Aliigiza mwanamke asiyesema, naye katika maisha yake akawatengenezea wasichana jukwaa la kusemea.

Basi mwalimu utakapofunga kitabu hiki na kuingia darasani, litazame dawati la nyuma kabisa, alipo yule msichana asiyenyoosha mkono. Usimkaripie kwa kimya chake, wala usimtungie shairi. Mpe nafasi, kisha keti umsikilize.